“Ni Uzee Tu”: Anachofunzwa Daktari Bobezi wa Usahaulifu, na Kinavyomhusu Mzee wa Kata Yetu

Kila aliyewahi kukaa karibu na dirisha la wazee katika kituo cha tiba amekwisha kuyasikia mazungumzo haya. Muuguzi anauliza, “Bibi anasumbuliwa na nini?” Kabla bibi hajafungua kinywa, mjukuu aliyemleta anamjibia: miguu inamuuma, hasikii vizuri, ana presha. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, anaongeza kwamba siku hizi bibi anasahausahau, usiku anaamka akitaka kwenda shamba, na juzi alimwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki. Muuguzi anaandika miguu, anaandika presha. Lile la mwisho haliandikwi, kwa kuwa aliyelitaja amelifunga mwenyewe kwa maneno matatu: “Ni uzee tu.”

Makala hii inayahusu maneno hayo matatu. Inawahusu pia madaktari wachache ambao, baada ya kumaliza masomo yote ya daktari na yote ya daktari bingwa, hurudi darasani mwaka mmoja au miwili zaidi ili wajifunze namna ya kuyahoji maneno hayo. Mwananchi wa Kipatimu, wa Pande au wa Songosongo ana haki ya kuuliza: habari ya mabingwa walioko mbali inanihusu nini mimi? Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya wanachofunzwa mabingwa hao haihitaji mashine. Ni namna ya kuuliza na kusikiliza, na hiyo inaweza kufika hadi zahanati ya kijiji endapo yupo wa kuileta na wapo wa kuipokea.

Kwanza tulielewe jina lenyewe. Usahaulifu wa uzeeni, ambao madaktari huuita dimensia, ni hali inayoletwa na maradhi kadhaa yanayoharibu ubongo kidogo kidogo, hata mtu akashindwa kuyaendesha maisha yake ya kila siku kama alivyozoea. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloutenga ugonjwa na umri. Mtu wa miaka 75 akilisahau jina la jirani na kulikumbuka baada ya saa moja, hana ugonjwa. Lakini bibi aliyesuka mikeka tangu usichana wake akiushika ukili mkononi asijue aanzie wapi. Mvuvi aliyejua kila mkondo na kila mwamba baina ya Kivinje na Songosongo akipotea njia anaporudi kutoka msikitini. Mzee aliyesalisha watu miaka mingi akichanganya rakaa sala baada ya sala: hao wanahitaji kuchunguzwa, wawe na miaka 60 au 90.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na hali hii, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mbele ya wenzake mwaka 1906, huchangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Mwingine unaoonekana sana ni ule utokanao na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo. Huo ni ndugu wa kiharusi, na katika jamii ambamo presha imeingia karibu kila nyumba, inafaa tuujue mapema.

Sasa tuitazame safari ya daktari. Hapa nchini kijana husoma udaktari kwa miaka mitano, kisha hufanya kazi kwa vitendo hospitalini mwaka mmoja chini ya uangalizi. Akitaka kuwa bingwa wa magonjwa ya ndani au wa afya ya akili, hurudi chuoni, kwa mfano Muhimbili au KCMC mjini Moshi, kwa miaka mitatu au zaidi. Baada ya hapo ndipo huja daraja la ubingwa bobezi, ambapo huchagua kona moja tu ya taaluma: ubongo na mishipa ya fahamu, afya ya akili ya wazee, au tiba ya wazee kwa jumla. Nchini Marekani, bingwa wa magonjwa ya ndani anayetaka kubobea katika tiba ya wazee huongeza mwaka mmoja. Anayejikita katika kumbukumbu na tabia huongeza mmoja au miwili. Ukijumlisha yote, kijana anayeingia chuoni mwaka huu hatakalia kiti hicho kabla ya miaka kumi kupita. Ndiyo maana mabingwa wa namna hiyo ni wachache mno nchini, nao wako katika hospitali kubwa. Kwa mpangilio wa huduma zetu, hawapangwi katika zahanati, kituo cha afya wala hospitali ya wilaya.

Zipo njia za kufupisha pengo hilo. Serikali hugharamia masomo ya ubingwa na ubingwa bobezi ya watumishi wa afya kupitia ufadhili unaobeba jina la Rais Samia Suluhu Hassan. Nje ya nchi iko taasisi iitwayo Global Brain Health Institute, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na Trinity College, Dublin, nchini Ayalandi. Taasisi hiyo huwapokea wataalamu wa mataifa mbalimbali kwa mafunzo ya hadi mwaka mmoja, kisha huwataka warudi makwao kufanya kazi na kufundisha wengine. Jambo la kupendeza ni kwamba haiwapokei madaktari peke yao. Wauguzi, wanasayansi, wasanii na waandishi husoma pamoja nao, kwa kuwa ugonjwa huu, ukiisha kuingia nyumbani, hauishii kwenye dawa. Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo thamani ya mafunzo haya inapopimwa. Daktari mmoja aliyebobea akabaki mjini na kuona wagonjwa wake peke yake atawafaa mamia. Akiwafundisha matabibu na wauguzi wa mikoani, atawafaa watu asiopata kuwaona kamwe.

Lakini anafunzwa nini hasa?

Somo la kwanza ni la kusikiliza, nalo linageuza mazoea ya kawaida ya kazi yake. Katika maradhi mengine daktari humwuliza mgonjwa mwenyewe pa kuumwa. Katika usahaulifu, mgonjwa mara nyingi hajui kwamba anaumwa, na akiambiwa hukasirika. Daktari hufunzwa kuzungumza na watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake: mzee kwanza, kwa heshima zote, kisha anayelala naye nyumba moja, akiwa pembeni ili mzee asivunjiwe hadhi mbele ya wanawe. Mazungumzo hayo huweza kuchukua saa nzima.

Hapa kwetu pana jambo la kuongeza. Adabu za mwambao humficha mgonjwa. Mzee wa Kivinje huamkiwa akaitikia, huuliza hali za watoto na za nyumbani, humshukuru Mwenyezi Mungu, hutania kidogo, na dakika kumi zikapita bila tabibu kung’amua kwamba anayezungumza naye hajui mwaka gani huu wala nani aliyemleta. Maneno ya salamu ni ya mazoea, nayo hubaki muda mrefu baada ya mengine kupotea. Bobezi hufunzwa kutoridhika na salamu nzuri. Humwuliza mlezi: hali ilianza lini? Ilikuja polepole kama maji kupwa, au iliporomoka kwa vituo, leo hivi na baada ya miezi miwili vile? Nani ashikaye fedha za nyumba sasa, na zamani alikuwa nani? Je, mzee huona watu wasiokuwapo? Hupiga makelele na kurusha mikono usingizini? Amewahi kuanguka? Anatumia dawa gani, pamoja na zile za dukani na za mitishamba? Kila swali lina sababu yake. Hali inayoporomoka kwa vituo, kwa mfano, huelekeza fikra kwenye mishipa ya damu. Inayopungua polepole kwa miaka huelekeza kwenye ugonjwa wa Alzheimer.

Somo la pili ni la kupima akili ya mtu bila kumwonea. Mwaka 1975 madaktari wa Marekani walichapisha kipimo kifupi ambacho kimeenea ulimwenguni kote. Mtu huombwa kutoa saba kutoka mia na kuendelea kushuka, kuandika sentensi moja, na kunakili mchoro wa maumbo mawili yenye pembe tano yaliyoingiliana. Bibi wa miaka 80 ambaye hakupelekwa shule, na ambaye kalamu ameishika siku za kupiga kura tu, atashindwa kipimo hicho hata kama akili yake ni timamu kuliko ya anayempima. Akishindwa ataandikiwa ugonjwa asiokuwa nao. Na mwalimu mstaafu aliyekwisha kuanza kuugua anaweza kukifaulu, akarudishwa nyumbani kwa kuambiwa kwamba hana kitu.

Tatizo hilo lilishughulikiwa hapa hapa Tanzania. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa KCMC pamoja na wenzao wa Uingereza waliwatembelea watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba asilimia 6.4 ya watu wa umri huo walikuwa na dimensia. Yaani katika kila wazee mia moja wa miaka 70 na zaidi, sita au saba wanaumwa. Kilwa si Hai, lakini idadi hiyo inatosha kuondoa dhana kwamba maradhi haya ni ya Wazungu wa mijini. Katika Mkoa wa Lindi, ambao sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu kuwa na watu 1,194,028, ni vigumu kuamini kwamba ipo kata isiyokuwa na mzee wa namna hii. Wapo, ila wako ndani.

Kutokana na kazi ya Hai kilizaliwa kipimo kingine, kiitwacho IDEA, kilichokusudiwa watu ambao hawakusoma. Hakuna kuandika wala kuchora. Miongoni mwa yanayoulizwa ni siku ya leo, jina la kiongozi wa kijiji, na daraja ni kitu gani. Mzee hutajiwa maneno kumi na baadaye huombwa ayakumbuke. Hutakiwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Mzee wa Somanga, nadhani, ataimaliza dakika hiyo kwa kutaja samaki peke yake, na atakuwa amefaulu. Mwisho hupewa njiti za kiberiti na kuombwa azipange kama alivyoonyeshwa. Kifaa chenyewe, basi, ni kiberiti na saa, na muuguzi au tabibu wa zahanati anaweza kufundishwa kukitumia. Kazi ya bobezi ni kufundisha, na kukumbusha kwamba alama ndogo huonyesha haja ya uchunguzi zaidi. Haimtangazi mtu kuwa mgonjwa.

Somo la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote kwa msomaji wa jarida hili, nami naomba alisome polepole. Si kila anayesahau ana dimensia. Yapo mambo mengi yanayofanana nayo ambayo yanatibika, mengine kwa gharama ndogo sana, na daktari bobezi hufunzwa kuyatafuta hayo kwanza, kabla ya kutamka neno lisilorudishika.

La haraka zaidi ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mzee aliyekuwa salama Jumatatu, Jumatano akawa hajui alipo, anaropoka usiku na kusinzia mchana, hajazeeka kwa siku mbili. Huenda ana malaria, nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo. Huenda sukari yake imeshuka, au amepungukiwa maji baada ya kuhara. Kwa wazee, maradhi hayo huweza kuja bila homa kali, akili ikawa ndiyo ya kwanza kuyumba. Hali hii ni ya dharura. Mgonjwa apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, wala isisubiriwe asubuhi ya pili ili ionekane kama itatulia yenyewe.

La pili ni kuanguka. Mzee aliyeteleza bafuni au aliyeangushwa na pikipiki anaweza kuinuka, akasema hajaumia, na baada ya wiki kadhaa akaanza kusinzia, kusahau na kuburuta mguu. Damu huwa inavuja taratibu kati ya fuvu na ubongo na kuukandamiza. Kipimo cha picha cha CT huionyesha, upasuaji huiondoa, na mtu huyo aweza kurudi kuwa alivyokuwa. Wengi wameipoteza nafasi hiyo kwa kuwa walio karibu nao hawakulihusisha anguko la mwezi uliopita na usahaulifu wa leo.

Kisha kuna dawa. Vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, ambavyo hununuliwa dukani bila cheti, huweza kuvuruga akili ya mzee. Ndivyo ilivyo pia kwa baadhi ya dawa za usingizi, za maumivu na za msongo. Mzee mwenye presha, kisukari na maumivu ya viungo anaweza kuwa na dawa kutoka vituo vitatu tofauti, na hakuna kituo hata kimoja kilichoziona zote kwa pamoja. Bobezi hufunzwa kumwaga mfuko mzima wa dawa mezani, na mara nyingine tiba yake ni kupunguza.

Yapo na mengine: tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya muda mrefu, virusi vya UKIMWI, ambavyo kwa wazee husahauliwa kupimwa kana kwamba hawakuwahi kuwa vijana. Ipo sonona, inayomfanya mjane wa miezi sita anyamaze, akose hamu ya chakula na ajibu “sijui” kwa kila swali. Na yapo masikio na macho. Mzee asiyesikia hujibu lisiloulizwa. Mwenye mtoto wa jicho humwita mjukuu kwa jina la mwingine. Wote wawili huonekana wamepungukiwa akili, kumbe wamepungukiwa kingine, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.

Kwamba kuchunguza peke yake huleta tofauti si jambo la nadharia. Mwaka 1935, katika hospitali ya West Middlesex jijini London, daktari aitwaye Marjory Warren alikabidhiwa wodi zilizokuwa za nyumba ya maskini, zenye watu zaidi ya 700. Wengi wao walikuwa wazee waliolazwa kwa miaka bila kuchunguzwa, wakihesabiwa kuwa hawaponi. Aliwachunguza mmoja baada ya mwingine, akawapanga kwa maradhi yao, akawanyanyua kitandani. Wengi walirudi makwao. Taaluma ya tiba ya wazee nchini Uingereza hutajwa kuwa imeanzia hapo.

Baada ya yanayotibika kuondolewa, linabaki somo la kuyatofautisha yasiyotibika. Msomaji anaweza kuona kwamba kama hakuna tiba hakuna haja ya kujua jina. Haja ipo. Uko ugonjwa wa aina hii uitwao wa Lewy, ambamo mzee hutetemeka au kukakamaa, akili yake huwa nzuri leo na mbaya kesho, naye huona watoto au wanyama wasiokuwapo chumbani. Familia huogopa, na wengine husema amepandwa na mashetani. Akiletwa kituoni akiwa na ghasia, rahisi ni kumtuliza kwa dawa za magonjwa ya akili kama haloperidol. Kwa mgonjwa wa Lewy dawa hizo huweza kumfanya akakamae kabisa, ashindwe kumeza, hata afariki. Tabibu aliyefundishwa kuuliza maswali mawili matatu, kuhusu kuona yasiyokuwapo, kukakamaa na kupiga makelele usingizini, ataisita dawa hiyo.

Kuhusu dawa za dimensia yenyewe maelezo ni mafupi. Zilizopo kwa miaka mingi hupunguza baadhi ya dalili kwa baadhi ya watu, wala haziusimamishi ugonjwa. Mpya zilizoidhinishwa Marekani hivi karibuni hupunguza kasi ya ugonjwa wa Alzheimer kwa kiasi kidogo katika hatua za mwanzo, nazo huhitaji kudungwa mshipani na kupigwa picha za ubongo mara kwa mara. Anayewauzia watu mitaani chupa ya kurudisha kumbukumbu anatafuta fedha.

Kilicho karibu zaidi na uwezo wetu ni kile kilichojaribiwa Hai pia: wagonjwa wa hatua za awali na za kati hukutanishwa katika kikundi mara mbili kwa wiki, vikao 14 kwa wiki saba, wakazungumza juu ya zamani, wakaimba, wakatambua vyakula na vitu vya nyumbani. Watafiti waliona nafuu katika kumbukumbu na katika hali ya maisha ya washiriki. Anayeongoza vikao si lazima awe daktari. Mhudumu aliyefundishwa huweza. Mtu wa pwani aliyezoea baraza ya jioni hatashangazwa na dawa hiyo.

Nyumbani, bobezi hufunzwa kuwafundisha walezi mambo ambayo hayamo katika cheti cha dawa. Mzee akisema anakwenda kumwona mama yake, aliyezikwa miaka 40 iliyopita, kumwambia “mama yako amekufa” ni kumpa msiba mpya kila siku. Mwulize habari za mama huyo, naye atatulia. Mlango ukaliwe na mtu, lakini mzee asifungwe kamba wala kufungiwa chumbani. Kisima na jiko viangaliwe. Majirani, waendesha bodaboda na wa msikitini waambiwe wazi kwamba mzee fulani hupotea njia, ili amwonaye amrudishe. Aibu ya kuwaambia huwapoteza wazee wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Na anayemlea, ambaye kwa kawaida ni binti au mkaza mwana mmoja kati ya watoto saba, apumzishwe. Hilo la watoto sita waliobaki kutuma salamu kwa simu lingehitaji makala yake.

Lipo na la ardhi, ambalo ofisi za vijiji zinapaswa kuliangalia kwa makini. Mzee ambaye hajui siku ya leo hawezi kuridhia kuuza shamba la mikorosho kwa alama ya dole gumba, hata kama mnunuzi ni ndugu. Familia inayoona dalili za mwanzo ikae mapema, mzee angali na fahamu zake, ayaseme mwenyewe anayoyataka mbele ya mashahidi.

Jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la The Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya dimensia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Mengi tunayafahamu: presha, kisukari, tumbaku, pombe, kuumia kichwa, uziwi usiotibiwa, upweke, na mtoto kukosa shule. Anayemeza dawa yake ya presha leo akiwa na miaka 50 anaulinda pia ubongo wa miaka yake 80.

Njia ya kufuata ni hii. Anzia zahanati au kituo cha afya cha kata yako. Muone pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii au afisa ustawi wa jamii kama mzee hawezi kutembea. Kutoka hapo rufaa huenda Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara, au Muhimbili. Si lazima mzee msahaulifu apelekwe Mirembe, kama wengi wanavyodhani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na zaidi, na wazee wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo. Ofisi ya mtendaji wa kijiji ndipo pa kuanzia kwa asiye na kitambulisho. Kambi za madaktari bingwa, ambazo tangu mwaka 2024 zimekuwa zikizunguka halmashauri zote 184 nchini, huwa na bingwa wa magonjwa ya ndani. Zinapotangazwa, usahaulifu wa mzee ni sababu kamili ya kumpeleka, sawa na presha na miguu.

Siku ya kwenda, aandamane na yule anayelala naye nyumba moja, hata kama mwenye nauli ni mwingine. Aje na tarehe, walau kwa kukadiria: ilianza baada ya mavuno ya korosho ya mwaka gani, alianguka kabla au baada ya Idi. Dawa zote anazotumia zitiwe katika mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za mitishamba, pamoja na miwani yake kama anayo. Na muuguzi akiuliza bibi anasumbuliwa na nini, usahaulifu utajwe wa kwanza, usubiriwe hadi uandikwe.